Mama, mimi nabahatisha tu: kisa cha mpiga picha wa harusi na albamu iliyochelewa wiki saba

## Kuhusu kisa chenyewe

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa pwani ya Kenya. Nimeondoa majina, mtaa, ukumbi, mwaka na viasi vya pesa. Mpiga picha mwenyewe, nitakayemwita Dada K., ameyasoma maandishi haya, akafuta sentensi mbili, nami sikubishana naye. Familia nayo imeridhia.

Mimi ni mama wa makamo ninayeosha picha, kama wazee wanavyoendelea kusema, ingawa siku hizi hakuna cha kuosha: ni kompyuta, mashine ya kuchapa, pazia, na feni inayolalamika. Kwa kuwa ni mwanamke, wapiga picha wa kike huniletea kazi wasizoweza kuzipeleka kwa fundi wa kiume. Nimo ndani ya kisa hiki, na kuna pahala niliharibu.

## Usuli

Dada K. alikuwa ametimiza miaka minane kazini. Alianza akiwa msichana, akimshikia mjomba wake flashi kwenye harusi. Baadaye akajifunza kuediti usiku watoto wakilala, na zamu yake ya kupokea pesa za chama cha kuchangiana ilipofika akanunua kamera ya kwanza. Hakuwa mwanagenzi.

Nafasi aliyoipata sokoni ni ile ambayo mwanamume hawezi kuigusa: usiku wa kupamba. Kwa msomaji asiye wa pwani, huu ni usiku wa wanawake peke yao, bi harusi anapoonyeshwa akiwa na hina, dhahabu na asumini. Wageni wakishavuka mlango huvua mabuibui, na chini yake kuna nguo za kufa mtu. Simu huachwa mlangoni kwa mama mwenye kikapu na uso usiotaniwa. Kamera inayoruhusiwa kuingia ni moja, ya mtu aliyeaminiwa.

Picha zinazotoka humo ni siri ya nyumba. Hazipandishwi mtandaoni, hazitumwi kwenye makundi ya WhatsApp, hazitundikwi kwenye dirisha la studio. Yaani kazi bora ya Dada K., ya miaka minane, imo ndani ya makabati ya watu, chini ya kanga. Ukifungua ukurasa wake utaona mikono yenye hina, keki, viatu vya bi harusi na shada la maua. Wenzake wa kiume wanapandisha maharusi wakiwa ufuoni jua likizama, shela linapepea, na chini yake sifa hazina idadi. Kila usiku alizipitia kurasa zao akiwa kitandani.

Jambo jingine la kushika kabla hatujaendelea ni kwamba kazi yake haikuwa na majibu. Enzi za studio, kama ile ya Parekh mjini Mombasa miaka ya 1950 na 1960, mpiga picha alimkalisha mteja kitini, akamgeuza kidevu, na siku ya kuchukua picha akausoma uso wake pale kaunta. Dada K. hutuma albamu kwa bodaboda. Kinachorudi ni "Asante, tumepata", au kimya.

## Yaliyotokea

Mfungo Mosi, mara tu baada ya Idi, ndio mavuno: harusi zilizongoja Ramadhani ipite huangukiana. Mwaka huo alikubali tano ndani ya wiki tatu. Ya nne ilikuwa katika ukumbi mpya wenye jukwaa la taa za LED zinazobadilika rangi. Bi harusi aliingia saa 5:10 usiku katika gauni jeupe, taa zikawa zambarau, na zambarau zikabaki mpaka saa 5:55.

Siku ya tatu alimtumia mama wa bi harusi picha kumi za kuonja. Shangazi mtu akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, mbona uso wa mtoto hauonekani?" Ni hayo tu. Na kwa picha mbili katika zile kumi, shangazi alisema kweli. Dada K. alisikia: hujui kazi.

Makubaliano yalikuwa albamu ndani ya wiki nne. Alichagua picha 640, akaziediti, akazifuta rangi, akaanza upya. Mara tatu. Mara ya kwanza ngozi zilitoka za machungwa. Mara ya pili akaiga rangi za mmoja wa wale wa ufuoni, ile kahawia iliyofifia, na dhahabu ya bi harusi ikageuka shaba. Ya tatu sikuiona kwa sababu aliifuta yote usiku mmoja. Wiki ya tano akaanza kuziacha simu ziite. Wiki ya saba mama wa bi harusi alifika hadi mlangoni, watoto wakaambiwa waseme mama hayupo. Wiki hiyohiyo alikataa kazi mbili, na ya tatu akaipokea kwa nusu ya bei yake, akimwambia mteja hata hajaulizwa: "Lakini usitarajie makubwa."

Wiki ya nane alikuja kwangu na begi. Kamera mbili, lenzi tatu, flashi.

"Mama, nitafutie mnunuzi."

Nikamuuliza kuna nini.

"Mimi nabahatisha tu. Miaka yote hii nimekuwa nabahatisha, na sasa watu wamejua."

## Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wangu, nao ndio ulioharibu. Nilimsifu. Nilimwambia kazi yake ni nzuri, aache wasiwasi, mbona kuna wanaopiga vibaya kuliko yeye na wanakula. Akanishukuru kwa adabu, akachukua begi lake, nisimwone kwa siku nane. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Mimi nilikuwa naisifu nikiwa chini ya paa. Sikuwa nimefungua hata picha moja ya usiku ule, naye alilijua hilo. Mtu anayeamini kwamba amewadanganya watu, ukimsifu bila kutazama umemwongezea ushahidi.

Aliporudi, kisingizio kikiwa picha za pasipoti za mtoto wa jirani, sikusifu chochote. Niliuliza kama familia imepewa tarehe. Haikuwa imepewa. Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe tayari, wa kuomba radhi na kurudisha pesa zote, umekaa siku kadhaa ukingoja kidole. Nikamzuia. Pesa zingemtoa yeye kwenye fedheha, lakini familia isingebaki na chochote cha usiku ule, na usiku wa kupamba haurudiwi. Nilimwambia anataka kujinunulia utulivu kwa hasara ya wengine. Pengine nilisema kwa ukali kuliko ilivyofaa.

Akapiga simu nikiwa pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. We mwana, umepotelea wapi?"

Hakutukanwa. Aliambiwa jambo ambalo halikuwa limempitia akilini: ndugu waliokuja kutoka Maskati walisharudi kwao, hawana hata picha moja ya kuwaonyesha waliobaki. Kwa zaidi ya miezi miwili yeye alikuwa akijiuliza kama picha zinafaa. Wenyewe walikuwa wanazingoja, basi. Akataja tarehe: siku kumi. Kisha akaomba ruhusa picha zionwe na wanawake watatu, nami nikiwa mmoja wao, ili watusaidie kuchagua. Mila inadai ruhusa hiyo, na hata sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa habari zake binafsi. Mama akajibu, "Wanawake tu, na zisitoke chumbani."

Hapo ndipo tulipofanya kazi iliyogeuza mambo, nami nitaieleza kwa kirefu maana nimeulizwa sana.

Tulichukua kila picha ya tano katika zile 640, bila kuchagua nzuri wala mbaya. Zikawa 128. Nikazichapa ndogo, inchi 4 kwa 6, kama zilivyotoka kwenye kamera. Nilitaka karatasi kwa makusudi. Kwenye kioo cha kompyuta Dada K. hakuwa na uwezo wa kuitazama picha bila kuigusa. Mkono ulienda wenyewe kwenye kitufe cha kunyanyua vivuli. Karatasi haina kitufe.

Tukaalika fundi cherehani anayeshona magauni ya harusi, na mpambaji wa hina. Kila mmoja aliingia chumbani peke yake na picha zote 128, azigawe mafungu mawili: ya kuingia albamuni na ya kutoingia. Dada K. naye aliingia zamu yake. Feni ilizimwa ili picha zisiruke, na nadhani joto lile liliharakisha maamuzi ya kila mtu. Fundi cherehani alikataa picha mbili kwa sababu ya upindo alioushona yeye mwenyewe ukapinda. Nilizihesabu hivyohivyo, lakini nilicheka.

Hesabu ilikuwa hivi. Fundi alikataa 35, mpambaji 31, mimi 38. Dada K. alikataa 74, zaidi ya nusu ya kazi yake. Zilizokataliwa na sisi wote wanne zilikuwa 28. Nikazigeuza, nikatafuta saa kila moja ilipopigwa, nikaandika nyuma kwa penseli. Picha 25 kati ya 28 zilikuwa za kati ya saa 5:10 na 5:55 usiku.

Dada K. aliziangalia zile saa kwa muda. Akasema, "Ni zile taa."

Ndizo. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakimjui bi harusi. Kinachukulia kwamba mbele yake pana kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na uso wa mwanamke mweusi ndio unaolipa. Hilo alilijua, na kwa kawaida huongeza mwanga mwenyewe. Kilichompiga chenga ni zambarau. Taa ya LED ya rangi hiyo hutoa wekundu na buluu, kijani karibu hakuna, na rangi ambayo haikuwemo kwenye mwanga hakuna programu itakayoirudisha, hata ukikesha. Baadhi ya picha zilikuwa pia na michirizi ya giza. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata, yaani kile kifuniko cha kamera, ikifunguka kwa 1/250 ya sekunde huzikamata katikati ya kupepesa. Angeshuka hadi 1/100 michirizi ingepungua. Katika zile duru tatu za kuediti alikuwa anajaribu kutibu kisichotibika, na dawa akazinywesha picha zilizokuwa nzima.

Flashi ilikuwamo kwenye begi. Nilipomuuliza kwa nini hakuiwasha, alinyamaza kwanza. Wale wa ufuoni huandika chini ya picha zao kwamba wao hutumia mwanga wa asili tu, naye alikuwa ameanza kuona haya kutumia flashi, chombo alichokishika tangu utotoni.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Picha za jukwaani alibakisha 40, akazifanya nyeusi na nyeupe, nyingine akaziacha nje. Zilizobaki akaziediti mara moja, kwa mpangilio mmoja, na saa 6 usiku anafunga kompyuta. Shangazi alikuwa ameomba pia bi harusi "ang'arishwe". Dada K. alinyanyua mwanga wa uso mpaka ukaonekana, lakini ngozi hakuibadilisha. Alisema mtoto ana rangi yake na mama yake anaijua.

Kwenye pesa tulitofautiana. Mimi nilishauri asirudishe kitu, maana kazi imetolewa. Yeye akarudisha sehemu moja ya tano, na kwa gharama yake akachapa seti ndogo ya picha za wageni wa Maskati, zikapelekwa na msafiri.

## Matokeo

Albamu ilifika wiki ya 11. Mama wa bi harusi aliipokea, akaikagua ukurasa kwa ukurasa mbele ya Dada K., akaweka kidole kwenye picha ya wapwa zake wakicheka midomo wazi. Picha hiyo ilikuwa mojawapo ya zile 74. Shangazi alitaka kujua kwa nini za jukwaani hazina rangi, "kama za marehemu". Hakuridhika, na sidhani kama ameridhika mpaka leo. Mdogo wake bi harusi alipoolewa, familia ilimchukua mpiga picha mwingine.

Mpambaji wa hina amemletea wateja watatu tangu wakati huo. Katika lile begi kilichouzwa ni lenzi moja aliyokuwa haitumii.

## Uchambuzi

Wasiwasi wa Dada K. ulikuwa umefunga pamoja vitu viwili visivyohusiana: kosa la kweli la dakika 45, na hukumu juu ya miaka minane. Vilipokuwa kwenye furushi moja hakuna kilichoweza kushughulikiwa. Ukimwambia hajui kazi ni uongo. Ukimwambia hana kosa ni uongo pia, naye anaona kwa macho yake kwamba uso hauonekani. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake waliofanikiwa ambao ndani yao waliamini kwamba wamewahadaa watu na siku yoyote watafichuliwa. "Nabahatisha, na sasa watu wamejua" ni maneno hayohayo, yaliyosemwa chumbani kwangu na mtu ambaye hajawahi kuwasikia. Lakini lau ningempa jina la hali hiyo na kumwacha nalo, ningekuwa nimerudia kosa la kumsifu. Jina lingemwambia tatizo liko kichwani tu, na taa za zambarau zingemngoja kwenye harusi ijayo.

Kwa maoni yangu lililofaa zaidi ni kulipatia kosa saa na dakika. Kosa lenye saa lina mipaka; kabla na baada yake kuna kazi nzima. Na hilo halikutoka kwa mtu mwenye hekima. Lilitoka kwa wanawake watatu wenye macho ya aina tofauti, kila mmoja akiamua peke yake, na penseli.

Kuhusu kujilinganisha, nina kitu ambacho Dada K. hakuwa nacho: mimi huchapa kazi za hao wa ufuoni. Wao hupandisha kumi, mimi hupokea mia sita. Nimeona macho yaliyofumba, vichwa vilivyokatwa, shela lililomfunika bwana harusi akawa kama mzuka. Sikumwonyesha, siri za wateja haziliwi, lakini nilimwambia kwamba yeye analinganisha 640 zake na 10 zao. Alielewa. Je, aliacha kuzipitia kurasa zile usiku? Hakuacha. Alichoacha ni kuiga rangi.

Kulikuwa na mzunguko mwingine ambao mimi niliuona nikiwa nimechelewa. Kuediti upya kulimchelewesha, kuchelewa kukaleta malalamiko, na malalamiko akayasoma kama uthibitisho kwamba picha ni mbovu. Katika wiki zile zote, baada ya ule ujumbe wa shangazi, hakuna mtu wa familia aliyelalamikia picha, walilalamikia kimya. Ndiyo maana simu ya dakika nne ilimtuliza kuliko duru tatu za rangi.

Sasa yaliyoshindikana. Nimeshaitaja sifa yangu ya bure. Kuhusu pesa, yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Mimi nilidhani kurudisha sehemu ni wasiwasi uleule umevaa kanzu ya uadilifu, kumbe alikuwa ametenganisha vizuri kuliko mimi: ubora wa picha ni suala la kujadiliwa, kuchelewa wiki saba ni deni. Njia yenyewe ya kuchagua ina tundu pia. Kila picha ya tano inakuonyesha ubora, haikuonyeshi nani amekosekana, na albamu ilipokabidhiwa ndipo ilipojulikana kwamba somo wa bi harusi, yule mama aliyemfunda, hana hata picha moja nzuri. Tena ni gharama: karatasi 128, jioni tatu, wanawake wenye shughuli zao. Huwezi kuifanya kila harusi.

Aliyoyabadilisha ni machache. Alasiri ya siku yenyewe anakwenda ukumbini kuzitazama taa zikiwaka, na anamwomba anayeziendesha ampe dakika kumi za mwanga mweupe bi harusi anapoingia. Mara nyingi anapewa. Flashi imerudi mkononi. Mkataba unasema wiki sita, si nne, na wiki ya tatu anapiga simu hata kama hana la kusema.

Lile la kazi iliyofichwa kabatini halijatatuka, ila limepunguzwa. Ameomba familia nne zimruhusu kubeba picha zao kadhaa zilizochapwa, na anapokwenda kwa mteja mpya anazitandaza mkekani mbele ya mama na shangazi, kisha anazikusanya na kuondoka nazo. Ananiambia siku hizi haangalii picha wakati huo, anaangalia nyuso zao.

Mfungo Mosi uliofuata wasiwasi ulirudi, wiki ya pili, baada ya harusi ya tatu. Alinipigia saa 4 usiku. Hakuleta habari za kuuza kamera.

"Mama, nikuletee picha ngapi?"

"Kila ya tano."

"Na feni?"

"Feni tunazima."